Nililipia siku 60 za kula vibichi na kusafisha utumbo, nikafika 47. Uzoefu wangu hapa Moshi

FundiWaPasua (mleta uzi)

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, wengine habari za jioni.

Humu ndani mimi ni msomaji wa kimya kimya. Leo nimefungua uzi kwa sababu kila baada ya wiki mbili anatokea mtu anauliza "nani amewahi kula vyakula vibichi tupu?" na wanaomjibu ni wawili tu: anayeuza unga, na anayemtukana anayeuza unga. Mimi siuzi kitu. Ni fundi cherehani, mwanamke, miaka 38, naishi Pasua na kibanda changu hakiko mbali na soko la Mbuyuni. Uzi ni mrefu, kwa hiyo wa mtandao wa bando dogo mniwie radhi.

Ilianzia kwenye gauni. Kuna dada mteja wangu, mwanzo wa mwaka nilimshonea, mwezi wa tatu akaja nimpunguze kiuno, wa tano akaja tena. Maneno ya mtu unaweza kuyatilia shaka, lakini futi kamba yangu haina unafiki. Nikamuuliza, akanieleza: anakula vibichi, na anasafisha mwili. Kumbe ndiyo biashara yake. Akanipa hesabu: siku 60, mpango wa chakula, makopo mawili ya unga wa kusafisha utumbo, bomba la kuingiza maji kwa njia ya nyuma, jumla laki na themanini. Nikalipa kwa awamu tatu. Nilikuwa na kilo 84, na baba watoto alikuwa ameanza ule utani wake.

Sheria yenyewe ni fupi. Hakuna kinachopita motoni. Ukipasha kitu, mwisho ni nyuzi 42, wengine wanasema 48, maana wanaamini juu ya hapo vimeng'enya vya chakula vinakufa. Kwa hiyo hakuna chai, hakuna ugali, wali, maharage, mkate. Hakuna mtori. Na nilianza mwezi wa sita, baridi ya Moshi mnaijua, mlima umejifunika wiki nzima na wewe unatafuna tango la ubaridi.

Siku yangu ilikuwa hivi. Saa 11 alfajiri maji vuguvugu na limau. Saa 12 na nusu kijiko kikubwa cha ule unga kwenye glasi ya maji, unakoroga na kunywa haraka haraka kabla haujaganda (shikeni hapo pa kuganda, nitarudi). Saa 2 juisi ya kijani: spinachi, tango, kipande cha tangawizi ya Same, pasheni mbili za kuua harufu ya majani. Saa 4 ndizi mbivu, kisukari nne au tano, na parachichi. Mchana bakuli la kachumbari ambalo nyumbani kwetu tungelipeleka mezani kwa watu sita: kabichi, karoti, hoho, nyanya, kitunguu, giligilani, ufuta, karanga mbichi zilizolowekwa, na choroko zilizooteshwa. Jioni papai au chungwa, nazi kama ipo. Kulala.

Choroko ndicho kitu kizuri nilichokipata kwenye safari hii yote. Unaziloweka usiku kucha, unamwaga maji, unazifunga kwenye kitambaa cha pamba, unazisuuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu zimetoa mikia. Zina utamu fulani wa njegere changa. Mpaka leo naotesha, vitambaa nimejaliwa.

Ambacho sikuambiwa ni kutafuna. Wiki ya kwanza mashavu yaliniuma kama nimepigwa. Sokwe wa Gombe wanatumia saa nyingi za siku yao kutafuna tu, lakini wao hawana oda za nguo za kipaimara. Mguu uko kwenye pedeli, mdomo uko kwenye kabichi, mteja anauliza bei unamjibu kwa kidole.

Na kuosha. Kula vibichi kwa kweli ni kazi ya kuosha. Nitaeleza kwa nini kwenye sehemu ya pili, ngoja nimalizie mkono wa gauni la mtu.

Bishoo_Mbuyuni

Naweka kambi hapa. Laki na themanini kwa ajili ya kabichi, dada yangu!

mangi_mstaafu

Wachagga na vibichi hatujaanza leo. Mbuzi akichinjwa, unadhani kile kisusio, ile supu ya damu, kimeiva? Na ndugu zetu Wamasai wa huko Arusha figo inaliwa pale pale ya moto kutoka kwa mnyama. Endelea fundi, nimekaa.

FundiWaPasua

Mzee wangu shikamoo. Ya figo usiniulize, mpango wangu haukuwa na nyama.

Naendelea. Siku ya pili kichwa kiliniuma sijawahi kuona. Sio kuuma kwa kawaida, ni kama mtu anakaza skrubu nyuma ya macho. Nikampigia dada, akafurahi! "Hizo ni sumu zinatoka, vumilia." Nikavumilia mpaka siku ya sita kikaacha chenyewe. Nikaamini kabisa kwamba nimetoa sumu.

NesiWaZamu

Mleta uzi samahani nakukatiza. Ulikuwa unakunywa kahawa?

FundiWaPasua

Nesi, mimi mtoto wa Kibosho. Babu yangu alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha tangu 1933, na kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa mibuni chini ya migomba. Kahawa nimeanza kuinywa kabla sijajua kusoma. Kwa siku vikombe vinne, vitano.

NesiWaZamu

Basi sumu yako ni hiyo. Mtu aliyezoea kafeini akiikata ghafla, kichwa kinaanza ndani ya siku moja, kinakolea siku ya pili, na kinaweza kukaa mpaka siku ya tisa. Hata ungekuwa unakula pilau kila siku kingekuuma vile vile. Kuhusu sumu za mwilini, wanaosafisha ni ini na figo, usiku na mchana, bila kopo.

FundiWaPasua

Sasa cheka vizuri. Wiki ya tatu dada akaniambia nimefika ngazi ya kusafisha ini, na ini linasafishwa kwa kahawa. Nikafurahi nikijua nimeruhusiwa kunywa. Kumbe inapitia nyuma! Kwa lile bomba! Nilimfikiria marehemu babu, alivyokuwa anaichagua punje moja moja juani, anaipeleka mnadani kwa heshima zake, halafu mjukuu wake anaikalia chooni. Nilikataa. Hilo nalishukuru.

NesiWaZamu

Umeshukuru kwa haki. Kule Marekani madaktari waliandika mwaka 1980 kuhusu vifo viwili vilivyohusishwa na hayo mambo ya kahawa kwa nyuma, chumvi za mwilini zilivurugika. Maji mengi yakiingizwa huko mara kwa mara yanaondoka na potasiamu na sodiamu, na moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hizo.

Ngaramtoni77

Mimi wa Arusha. Huku ilipita ya ini kwa njia nyingine: usiku unakunywa kikombe cha mafuta ya zeituni na maji ya limau, asubuhi unatoa "mawe ya nyongo" ya kijani, laini laini. Shemeji yangu aliyahifadhi kwenye kopo atuonyeshe. Akaliacha dirishani, jua la saa sita likayapata, yakayeyuka yakawa mafuta. Nikamwambia shemeji, tangu lini jiwe likayeyuka juani? Kilichotoka ni yale mafuta aliyokunywa mwenyewe, yamegeuka kama sabuni tumboni.

Halafu jambo jingine kwa wa huku kwetu. Hiyo programu inasema unywe lita 4 za maji kwa siku, sivyo? Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floridi nyingi, ndiyo maana meno ya watu wengi waliokulia huku ni ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa ukiyanywa mara mbili ya kawaida, na floridi umeimeza mara mbili. Na kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kuna kituo Ngurdoto kilichofanyia kazi vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu hiyo hiyo.

FundiWaPasua

Shemeji yako na mimi tungeelewana. Ngoja nifike kwenye ile glasi ya unga.

Kwanza maji ya chumvi. Siku ya 24, vijiko viwili vya chumvi kwenye lita ya maji, tumbo tupu, unakunywa yote. Baada ya nusu saa ukawa mto. Nikaenda hivyo hivyo sokoni kununua nyuzi. Nimefika kwa mama wa vitunguu, macho yakaingia giza, nikakalia gunia lake bila kuomba. Alidhani mimba. Akanipa soda, nikainywa yote bila kuhesabu siku wala vimeng'enya. Ndani ya dakika kumi nikaona rangi tena.

NesiWaZamu

Kwa faida ya wengine: mtu akiharisha hivyo, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vya bapa, chumvi nusu kijiko kidogo. Nusu. Vijiko viwili vya chumvi ni kinyume chake kabisa, vinavuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni. Mwenye presha au figo asijaribu kamwe.

FundiWaPasua

Sasa sehemu ya kuosha niliyoahidi. Wiki ya nne tumbo likaanza kunyonga, choo na makamasi. Dada akasema ni utumbo unajivua gamba. Nikasema sawa, ila gamba nikalipeleka maabara. Amiba. Mboga zetu nyingi zinamwagiwa maji ya mfereji na ya mto, na mto una watu juu yake. Ukipika, moto unakulinda. Ukila bichi umejilinda kwa mikono yako tu. Nilikuwa naloweka kwenye siki na chumvi nikajua nimemaliza, kumbe hiyo haiui kila kitu. Nilichojifunza ni jani moja moja chini ya maji safi yanayotiririka, na kinachomenyeka kimenywe. Nikapewa dozi ya dawa, nikaimaliza huku naendelea na kachumbari yangu kwa ukaidi.

Basi glasi. Hamu kubwa ya mpango huu ni choo chako mwenyewe, tusemezane ukweli. Kwenye kundi la simu watu wanatupia picha. Kamba ndefu za kahawia, za kuvutika, kama mpira. Dada anaandika chini: "Huu uchafu ulikuwa kwenye kuta za utumbo wake miaka 20." Na mimi nilizitoa! Nilijisikia kama nimeshinda kitu. Nilikuwa nafikiria nyama zote za sikukuu tangu utoto, zimeganda kule ndani zinanisubiri.

Siku ya 40 nimekoroga unga wangu asubuhi, mara mteja akapiga hodi, bibi harusi, analia, gauni limembana. Nikaiacha glasi dirishani nikaenda. Nimerudi saa 3 usiku umeme hakuna. Nimeikuta kesho yake.

Wakuu. Ilikuwa ile ile. Nikachovya kijiko, ikavutika. Kahawia, mpira mpira, nimeimwaga kwenye beseni ikashuka kwa kipande kimoja kirefu kama kwenye picha za kundi. Tofauti ni harufu tu.

Nikalitafuta kopo nikasoma maandishi madogo, na miwani ya kuingizia uzi. Maganda ya mbegu za sailiamu, na udongo wa bentonaiti. Udongo! Kama ule wanaotafuna wajawazito, umesagwa tu na kutiwa bei.

Yaani nilikuwa nameza kamba asubuhi, naitoa kesho yake, naishangilia.

Bishoo_Mbuyuni

Nimecheka mpaka abiria wangu ameshuka.

NesiWaZamu

Ndivyo inavyofanya kazi. Maganda ya hiyo mbegu yana nyuzi zinazofyonza maji na kuwa jeli, kwa mwenye choo kigumu ni dawa nzuri tu na haina ulazima wa bei hiyo. Ukichanganya na udongo ndiyo inashikana kama kamba. Kuta za utumbo hazikai na tope la miaka 20, ule utando wa ndani unajibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache. Ila angalizo: unga huo bila maji ya kutosha unaweza kuziba utumbo, na unaweza kuzuia dawa zako zisifyonzwe vizuri. Dawa zako ulikuwa unameza saa ngapi?

FundiWaPasua

Za amiba asubuhi, pamoja na unga. Sasa ndiyo napata picha kwa nini nilirudia dozi.

Manka_Rau

Dada pole sana. Nina swali la kike, kama halifai usijibu. Siku zako zilikuwa sawa? Mimi nilifanya miezi mitatu, zikapotea.

FundiWaPasua

Linafaa, mdogo wangu, na nilikuwa naliogopa. Mwezi wa saba hazikuja. Nikanunua kipimo cha mimba mara mbili, baba watoto ameshaanza kuchagua jina. Hakuna kitu. Dada akaniambia mwili safi hauna cha kutoa. Hiyo ndiyo ilinifanya nimwangalie kwa jicho jingine, hata kuliko glasi. Mama yangu alizaa saba, sasa alikuwa mchafu?

NesiWaZamu

Hilo liliwahi kufanyiwa utafiti Ujerumani, ukachapishwa 1999, watu 513 waliokuwa wanakula vibichi kwa muda mrefu. Kati ya wanawake wa chini ya miaka 45, kama 30 kwa kila 100 hedhi zilivurugika au kukatika, na waliokula vibichi zaidi na kukonda zaidi ndio walioathirika zaidi. Mwili ukiona chakula hakitoshi unafunga kwanza kile ambacho si lazima kwa kuishi leo.

Mkiendelea miaka, kuna vitamini B12 pia. Kwenye majani haimo kabisa. Ini lina akiba ya miaka kadhaa ndiyo maana mtu anajiona mzima, halafu ganzi za miguu zinaanza.

mangi_mstaafu

Fundi hujatuambia uzito.

FundiWaPasua

84 mpaka 75. Na sishangai tena. Kilo nzima ya kabichi ina kalori kama 250, wakati gramu 100 tu za sembe zinapita 350. Nilikuwa nashinda njaa kistaarabu. Pesa ilitoka zaidi lakini: nyumbani chakula cha mchana na jioni kwangu kilikuwa elfu tatu, kwenye vibichi sikushuka chini ya elfu saba, parachichi na karanga na nazi ndizo zinakula. Ukiziacha hizo unabaki na majani na unaanguka kwenye magunia ya watu.

Nisiwe mnafiki, mazuri yapo. Choo chepesi, ngozi ya uso ilitulia, na ulimi ulirudi, yaani nyanya niliisikia nyanya. Vitamini C moto unaipunguza kweli. Ingawa nyanya hiyo hiyo, ile rangi yake nyekundu mwili unaipata vizuri zaidi ikipikwa na mafuta kidogo, na karoti nayo inataka mafuta. Kwa hiyo mabishano ya bichi na iliyopikwa nimeyaacha kwa wenye nafasi.

Mpare_Halisi

Maharage mekundu nayo naweza kuotesha kama choroko? Nipo Same, tangawizi nakuletea.

FundiWaPasua

Usithubutu. Yale mabichi yana lektini, punje chache tu zinatosha kukutapisha vibaya. Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji, chemsha yatokote hasa, dakika kumi za kutokota ni za chini kabisa kabla ya kuendelea mpaka yaive. Na muhogo mchungu usiuonje ukiwa mbichi, una sayanaidi. Tangawizi naipokea.

Manka_Rau

Uliachaje sasa? Siku ya 47 kulitokea nini?

FundiWaPasua

Mama mkwe.

Tulipanda Kibosho kwenye kipaimara. Sherehe ya kwetu mnaijua, kuna machalari, kuna kiburu, kuna nyama, mbege inazunguka kwenye kata. Mimi nimebeba bakuli langu la kachumbari kwenye mfuko, na mfuniko juu. Nimekaa pembeni natafuna. Mama mkwe ananiangalia tangu jikoni, hasemi. Wifi mmoja akasema kwa sauti, "Siku hizi tunafuga mbuzi wa mjini," watu wakacheka na mimi nikacheka.

Jioni watu wamepungua, akaniita kwenye jiko la kuni. Nikasema abee mama. Hakuniuliza habari za vibichi. Akaniuliza, "Ulikuwa na mimba ikaharibika?" Kwa sababu nimekonda, na mwanawe ameshamwambia kuhusu jina. Nikasema hapana mama. Akasema, "Haya," akachota mtori kwenye kikombe kikubwa cha bati, ule wa ndizi mshare na nyama ya mfupa, umepondwa ukawa laini kabisa, ule wanaopewa wazazi. Akaniwekea mkononi, akageuka kuosha vyombo ili asinitazame.

Nilikunywa vikombe viwili. Nikaanza kulia na sijui nilikuwa nalilia nini, moshi nadhani.

Mwezi uliofuata siku zikarudi. Sasa hivi nina kilo 78, asubuhi bado naanza na matunda na parachichi, mchana kachumbari na choroko zangu pembeni ya ugali na dagaa, jioni nakula kilichopikwa na wenzangu. Kahawa vikombe viwili, kwa mdomo. Yule dada bado mteja wangu, juzi kaleta gauni niliongeze kiuno. Sikumwambia kitu.

Bishoo_Mbuyuni

Yale makopo yaliyobaki unauzaje? Nina jamaa hapa kijiweni tumbo limemtangulia.

FundiWaPasua

Limebaki moja, nililimwaga lote kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nimefungua mlango, kuku wa jirani amesimama katikati ya lile dimbwi la jeli, kanyanyua mguu mmoja, anautazama.